Mama alisema anajisaidia mwenyewe

Siku afisa wa ustawi wa jamii alipokuja nyumbani kwetu hapa England kumtathmini mama, kuona kama anastahili msaada wa matunzo, mama aliamka tangu alfajiri. Alitaka gauni lake la kijani, lile la Idi, na mtandio mpya. Mama mdogo akaagizwa achemshe chai ya tangawizi na akaange mahamri, kwani mgeni anakuja, tena mgeni wa serikali.

Mkono wake wa kulia haukuwa na nguvu tangu kiharusi cha Novemba 2021. Alifunga vifungo vya gauni kwa mkono wa kushoto, na kila niliponyoosha mkono kumsaidia aliupiga kofi. Nilikuwa natazama saa ya ukutani: dakika 40 kwa vifungo sita. Afisa alipobisha hodi, mama alikuwa kaketi kwenye kiti chake, kajistiri, ananukia udi, anatabasamu. Huyo ndiye mgonjwa aliyeonekana.

Kiingereza cha mama cha miaka 30 kilikuwa kimeanza kumtoroka baada ya kiharusi, kwa hiyo kaunsili, yaani halmashauri ya mji wetu, ilileta mkalimani kwa njia ya simu, mwanamume, Mkongomani kwa lafudhi yake, na mtu mwenye adabu sana. Adabu hiyo ndiyo iliyotuponza. Afisa aliuliza kama mama anaweza kwenda choo bila msaada. Mkalimani akaona haya kulitaja neno choo mbele ya mama wa watu, akauliza: "Mama, unajisaidia mwenyewe?"

Neno lina maana mbili, na mama akachagua ile yenye heshima. Akajinyoosha kitini. "Mimi najisaidia mwenyewe tangu nilipofiwa na mume wangu nikaachwa na watoto watatu. Sijamwomba mtu."

Mkalimani akafupisha: ndiyo. Kwenye fomu ikaandikwa kwamba mama hahitaji msaada wa choo.

Nami nilikuwepo. Nilijua kwamba usiku ule ule mke wangu alibadilisha mashuka mara mbili. Nikanyamaza. Ningesemaje, mamangu mzazi kakaa pale, mwanamume nisiyemjua yuko kwenye simu, na mwanamke nisiyemjua anaandika? Wiki tatu baadaye barua ikaja: mama hafikii kigezo, na mahitaji yake yanatimizwa na familia.

Mficha uchi hazai, tunasema, kisha tunaficha.

Naandika kwa ajili yenu mlio huku na wazee wenu, au mlio na ndugu huku anayepiga simu usiku kulia. Mji wetu uko katikati ya nchi, sitautaja, wala kaunsili yetu sitaitaja, kwa sababu bado tunaonana nao. Halafu muelewe kwamba tukisema Uingereza tunachanganya mambo. Ninayoyaeleza ni ya England. Scotland wana utaratibu wao, na huko matunzo ya mwili kwa wazee ni bure tangu 2002. Wales nao wana viwango vyao. Mtu wa Glasgow akikupa ushauri, mshukuru, kisha uuache hapo hapo.

Kosa langu la kwanza lilitokea hata kabla ya hiyo tathmini. Mimi ni dereva wa basi, nimekatwa bima ya taifa kwenye mshahara tangu 1996, na niliamini kabisa kwamba mtu akiugua, serikali inalipa. Kweli inalipa, lakini inalipia ugonjwa. Huduma ya afya ya NHS ilianza Julai 1948 bila malipo, na siku hiyo hiyo ikaanza kazi sheria nyingine iliyowapa kaunsili jukumu la wazee na wasiojiweza, na hiyo tangu mwanzo ilikuwa na malipo kwa mwenye uwezo. Mpaka huo upo hadi leo. Daktari kumpasua mamako ni bure. Mtu kumwogesha mamako ni jambo la kaunsili, na kaunsili itataka kujua ana nini benki.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba tulipotoka hospitali tulipewa wahudumu wa kumsaidia mama arudishe nguvu, na hatukulipa hata senti. Nikadhani ndiyo hivyo. Kumbe huduma ile ya kumwinua mtu baada ya hospitali ni bure hadi wiki sita tu. Wiki ya saba mlango haukubishwa. Nilipiga simu kuuliza kama wamekwama kwenye theluji.

Tukaishi hivyo mwaka mzima na zaidi. Mke wangu alipunguza saa zake jikoni kwenye shule anakofanya kazi. Mama mdogo, ambaye anaishi na mama tangu alipofiwa mwaka 2009, aliteguka mgongo akimwinua bafuni. Mimi mtoto wa kiume sikuweza kumwogesha mama. Sikuweza, na sitajifanya kwamba ilikuwa ni kukosa nafasi tu. Kila kilichohusu mwili wake kiliwaangukia wanawake wawili, mmoja ana mgongo mbovu na mwingine ana watoto. Mimi nililipa bili na kulalamika.

Kejeli ya mambo haya ni kwamba mama mwenyewe, tangu alipofika huku mwaka 1990, aliosha wazee wa Kiingereza kwa miaka 19 katika nyumba ya wazee. Kwa mishahara hiyo ndiyo alinunua nyumba yake. Alijua kila kitu kuhusu kazi hiyo, isipokuwa jinsi ya kuwa upande wa pili wa taulo.

Aliyenifungua macho alikuwa mama mmoja wa Kizimbabwe katika kituo cha ushauri, mahali nilipokwenda kwa ajili ya bili ya umeme. Aliuliza mama anapata Attendance Allowance ya kiwango gani. Nikauliza ni kitu gani hicho. Akaweka kalamu chini.

Attendance Allowance ni posho ya aliyefika umri wa pensheni anayehitaji kuangaliwa. Haiangalii akiba wala nyumba. Mtu anatakiwa awe amehitaji msaada kwa miezi sita, na awe na haki ya ukaazi isiyomzuia kupata fedha za umma. Kwa anayehitaji msaada mchana na usiku, kiwango cha 2022 kilikuwa pauni 92.40 kwa wiki. Mama angeanza kupata Mei 2022. Sisi tuliomba Juni 2023, na posho hii hairudi nyuma: inaanza siku ulipoomba. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya pauni 5,000 zilizopotea kwa kutojua jina la fomu. Ukitaka kuomba, piga simu kwanza uagize fomu, kwa sababu ukiirudisha ndani ya wiki sita wanahesabu tangu siku ya simu.

Yule mama ndiye aliyenieleza pia sheria. Inaitwa Care Act, ya 2014. Kaunsili ina wajibu wa kumtathmini mtu mzima yeyote anayeonekana kuhitaji matunzo, awe tajiri au fukara. Kanuni zake zinataja mambo 10: kula, usafi wa mwili, choo, kuvaa, kuwa salama ndani ya nyumba, kuiweka nyumba ikalike, kuwa na jamaa na marafiki, kazi au masomo, kutoka na kutumia huduma za mtaani, na kulea mtoto kama unaye. Anayeshindwa mawili au zaidi kwa sababu ya maradhi au ulemavu, na maisha yake yakaathirika sana kwa hilo, anastahili.

Lakini sikilizeni maana ya kushindwa, kwa sababu hapa ndipo nilipojipiga kofi. Kisheria, anayefanya jambo kwa maumivu makubwa, au kwa kujihatarisha, au kwa muda mrefu kupita kawaida, anahesabiwa kuwa hawezi. Vifungo sita kwa dakika 40, kwa hesabu hiyo, ni hawezi. Mimi nilivichukulia kuwa ushindi wa mama, sikuvitaja. Na ile barua iliyosema familia inatimiza mahitaji ilikosea utaratibu: kigezo kinapimwa kana kwamba familia haipo. Familia inaingia baadaye, wakati wa kupanga nani afanye nini, na kwa hiari yake.

Akaniambia niombe tathmini mpya kwa maandishi, na kabla ya hapo niandike daftari kwa wiki mbili. Kila kitu, saa na dakika. Nikaandika. Ninalo hadi leo, lina doa la mafuta ya nazi kwenye jalada. "Saa 8 usiku, amelowa, mashuka yote. Saa 9 na robo, ameamka, anatafuta funguo za nyumba ya Kibokoni, Mombasa. Saa 1 asubuhi, amekataa dawa, kadhani mke wangu ni mwizi." Kurasa 22. Nikazitafsiri kwa Kiingereza, nikapeleka, na afisa akanipigia simu akishangaa kwa nini mama analazwa saa mbili usiku na analowa kitandani baada ya kifungua kinywa. Nilikuwa nimeandika kwa saa zetu za Kiswahili. Ikabidi niandike upya kurasa zote 22.

Safari ya pili niliomba mkalimani mwanamke, mtu wa pwani, na awepo mwenyewe chumbani. Walimpata. Niliomba pia nizungumze na afisa pembeni kabla ya kuanza. Sehemu hiyo ilikwenda vizuri. Lakini afisa alisema kwa haki kabisa kwamba mama naye ana haki ya kusikia yanayosemwa juu yake, na ilipofika swali la choo, mama akasema yale yale, anajisaidia mwenyewe. Safari hii nikasema: "Hapana. Usiku analowa. Mke wangu anambadilisha."

Mama aligeuza uso ukutani. Hakunisemesha siku mbili.

Nimefikiri sana juu ya siku hizo mbili. Kwetu sitara ni sehemu ya dini na ni sehemu ya malezi. Mtu anakufa akiwa kafunikwa, na aliye hai pia hufunikwa. Nchi hii haitoi kitu kwa kilichofunikwa. Sijui kama kuna njia ya kuyafanya yote mawili. Mimi sikuipata. Ninachoweza kuwaambia ni mseme wenyewe, msimwachie mzee aseme, kwa sababu mzee wa pwani akiulizwa hali yake na mgeni atasema hajambo hata kama paa limemwangukia.

Tukapewa wahudumu mara nne kwa siku. Wa asubuhi alikuwa binti wa Kisii, aliyekuja kwa ile viza ya wahudumu waliyoifungua mwaka 2022, ambayo tangu Julai 2025 wameifunga kwa waajiriwa wapya kutoka nje. Mama, akili zikiwa zinakuja na kuondoka, aliamini binti huyo ni mfanyakazi mpya wa zamu yake. "Maji yapime kwa kiwiko kwanza," alimwambia. "Mgeuze taratibu. Usimwache mtu uchi, mfunike upande huu ukiosha upande ule." Binti alikuwa anaitikia, "Ndiyo, mama," na akafanya hivyo hivyo.

Kisha wakaja wa fedha. Hii ni tathmini nyingine kabisa, watu wengine, fomu nyingine. Mama alikuwa na pauni 19,000 benki, pesa za Hija na za sanda kama alivyoziita. Mwenye zaidi ya 23,250 anajilipia mwenyewe kila kitu. Mwenye chini ya 14,250 akiba yake haiguswi, kinachohesabiwa ni mapato tu. Aliye katikati, kila pauni 250 zilizozidi 14,250 zinahesabiwa kuwa zinampa pauni moja ya mapato kwa wiki. Za mama zilizidi kwa 4,750, kwa hiyo wakamwandikia mapato ya pauni 19 kwa wiki ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona. Viwango hivyo havijasogea tangu 2010. Mkate umepanda, mafuta yamepanda, hiyo mistari miwili imesimama pale pale. Nyumba, mtu akitunzwa nyumbani kwake, haihesabiwi. Kariri sentensi hiyo, utaihitaji pale majirani watakapoanza kukutisha.

Mchango wa kwanza uliokuja ulikuwa pauni 61 kwa wiki. Nikalipa miezi mitatu kama mjinga. Baadaye nikajua kuna matumizi yatokanayo na ulemavu ambayo kaunsili inatakiwa kuyaondoa kabla ya kupiga hesabu: umeme wa kufua mashuka kila siku, nepi za ziada, joto la nyumba, nguo maalumu. Hawakuuliza, nami sikusema. Nilipopeleka risiti mchango ukashuka hadi 38. Weka risiti. Hata ya sabuni.

Mke wangu aliomba Carer's Allowance, posho ya anayemtunza mtu kwa saa 35 au zaidi kwa wiki. Nitaisema kwa ufupi kwa sababu bado hapendi niizungumze. Posho hiyo ina kikomo cha mshahara, na ukikivuka hata kwa pauni moja, posho yote ya wiki inaondoka. Kikomo cha mwaka ule kilikuwa pauni 139 kwa wiki. Aprili 2025 kilipandishwa hadi 196. Alifanya saa za ziada kabla ya Krismasi, hakuripoti, na ikaja barua ya kudai wiki nane, pauni 614. Tulilipa kidogo kidogo.

Sasa hati ya uwakili. Hapa nilichelewa, na kuchelewa kwangu kuna sura ya mapenzi. Mapema 2022 mama akiwa bado na akili zake, rafiki alinishauri tufanye hati ya kudumu ya uwakili, ambayo mtu anamteua amwaminiye amsimamie atakaposhindwa kuamua mwenyewe. Ziko mbili, ya mali na ya afya, na kusajili kila moja kulikuwa pauni 82. Nilimweleza mama. Akaniangalia. "Mnanigawa nikiwa hai?" Nikazikunja zile karatasi, sikuzifungua tena. Mwaka 2023 daktari akaandika dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na akili, itokanayo na mishipa ya damu, na hapo mama hakuweza tena kutia saini kitu cha namna hiyo kihalali. Ikabidi niende Court of Protection, mahakama ya mambo ya wasioweza kujiamulia, kuomba niteuliwe msimamizi wa mali yake: pauni 371 za maombi, dhamana juu yake, usimamizi unaolipiwa kila mwaka, ripoti ya kila mwaka, na miezi mingi ya kungoja huku benki haizungumzi nami. Tena hiyo ni ya mali peke yake. Kuhusu afya yake mimi ni mtu wa kutoa maoni tu. Laiti ningerudi tena kwake baada ya wiki moja, nikakaa chini, nikamwambia kwamba Mtume mwenyewe alikuwa na mawakili. Sikurudi kwa sababu sikutaka kumuudhi.

Kuna kosa moja ambalo sikulifanya, lakini si kwa akili yangu. Msikitini baada ya Isha kuna mzee wetu mmoja, mtu mwema, mwenye jibu la kila jambo. Alinishika mkono akaninong'oneza: nyumba ihamishieni majina ya watoto, ikifika miaka saba hawawezi kuigusa. Nikachukua na fomu. Mama, wakati huo akili ziko timamu, akasema nyumba ile ameinunua kwa migongo ya wazee wa watu na hataihamisha mpaka atakapohamishwa yeye. Baadaye nikajifunza kwamba miaka saba ni habari ya kodi ya mirathi, haihusiani na kaunsili hata chembe. Kaunsili ikiona ulitoa mali ili ukwepe malipo ya matunzo, inaweza kuihesabu kana kwamba bado unayo, na haina kikomo cha miaka ya kurudi nyuma.

Mzee yule yule, na wengi wengine, walikuwa wakituambia tungoje kikomo. Labda mnakikumbuka. Septemba 2021, miezi miwili kabla ya kiharusi cha mama, serikali ilitangaza kwamba hakuna mtu England atakayelipa zaidi ya pauni 86,000 za matunzo katika maisha yake, na mstari wa 23,250 ungepanda hadi 100,000. Ingeanza Oktoba 2023. Ikasogezwa hadi Oktoba 2025. Julai 2024 serikali mpya ikaifuta. Sasa kuna tume ya kuangalia upya matunzo, inayoongozwa na Louise Casey, itatoa ripoti yake ya mwisho ifikapo 2028. Mimi nimeacha kupanga maisha kwa matangazo.

Septemba 2024 mama alianguka, akavunjika nyonga. Hospitali wakasema hawezi kurudi nyumbani. Kila kitu kikaenda mbio, kwa sababu kitanda kinahitajika. Wauguzi walijaza fomu ya kuchuja kuona kama anaweza kufikiriwa kwa mpango wa NHS wa kulipia matunzo yote, unaowahusu wale ambao hitaji lao kuu ni la kiafya. Hawakumpitisha. Nilikasirika, kisha nikasoma vile vipengele usiku, na kwa kweli nadhani hawakukosea. Ila muulize kama fomu imejazwa, na mwombe nakala, maana mpango huo hauangalii mfuko wa mtu, na wengi hutoka hospitali bila kujua upo.

Afisa wa kitengo cha kuwatoa wagonjwa alinipa karatasi nikiwa nimesimama kando ya kitanda. Nyumba ya wazee niliyoitaka ilikuwa pauni 900 kwa wiki, kaunsili inalipia hadi 790, je, familia itaongeza 110? Nikatia saini nikiegemea meza ya chakula ya mama. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza, kwamba kaunsili inatakiwa kukuonyesha angalau sehemu moja inayofaa isiyohitaji nyongeza. Pengine ningeichagua hii hii, iko njiani kwa basi langu na mmoja wa wapishi anatoka Malindi. Lakini pauni 5,720 kwa mwaka ni zamu zangu za Jumapili, na nilizitoa kwa dakika tano.

Ikaja barua ya fedha. Kwa kuwa mama ameingia nyumba ya wazee kwa kudumu, baada ya wiki 12 za kwanza nyumba yake itahesabiwa. Nilikaa ngazini na ile barua. Mama mdogo alikuwa jikoni anakuna nazi, katika nyumba ambayo barua ilitaka iuzwe. Nikamwita yule Mzimbabwe. Swali lake lilikuwa moja: "Nani anaishi humo, na ana miaka mingapi?"

Jamaa wa mgonjwa mwenye miaka 60 au zaidi, ambaye nyumba hiyo ndiyo makazi yake tangu kabla mgonjwa hajahamia nyumba ya wazee, akiwa bado anaishi humo, basi nyumba haihesabiwi. Hiyo ni lazima, kaunsili haina hiari. Mama mdogo amezaliwa 1958. Kwenye fomu palikuwa na sehemu ya kuandika nani mwingine anaishi hapo, na mimi niliiruka kwa sababu niliona aibu, nikidhani watasema tumejazana. Nikapeleka bili zake za tangu 2009, barua ya daktari wake, na kadi yake ya basi. Wiki tano baadaye nyumba ikaondolewa kwenye hesabu. Tungeihamishia kwa watoto, pengine hata hilo lingekuwa na maswali.

Pensheni ya mama inakwenda karibu yote kwa kaunsili. Alipoingia alibakiwa na pauni 30.15 kwa wiki za matumizi yake. Tunamnunulia mafuta ya nywele na halua, na zinazobaki anasema zitiwe kwenye kibubu cha Hija. Attendance Allowance inasimama baada ya siku 28 mtu akilipiwa na kaunsili katika nyumba ya wazee. Mimi niliripoti wiki ya kwanza, nikaandika jina la niliyezungumza naye na saa, kwa saa zao.

Kiingereza kimekwisha kabisa. Kwenye mlango wa chumba chake nimebandika karatasi yenye maneno 14: maji, maumivu, baridi, kiu, na mengineyo. Neno la choo nimeliandika waziwazi, choo, na chini yake nimeonya kwa wino mwekundu kwamba wasitumie lile jingine.

Jumanne ijayo wanakuja kupitia mpango wake wa matunzo, kama inavyotakiwa kila mwaka. Daftari jipya liko mezani. Mama mdogo ameshaniuliza kama huyo afisa anakunywa chai ya tangawizi, nimemwambia achukue chupa ndogo tu, mahamri ayaache.